Herufi za Likasi Zisifutwe

KANDO YA LUFIRA
Na Ilunga Mwana-Lufira

Mvua za Novemba hadi Aprili hubandua rangi mpya za maduka ya Likasi na kuziacha za zamani zionekane. Pita katikati ya mji baada ya mvua kubwa, utaona chini ya rangi ya kampuni ya simu nusu ya jina la Mgiriki au Mreno aliyekuwa akiuza vitambaa pale. Juu ya jina hilo kuna jina la Kizaire, la mtu aliyekabidhiwa duka baada ya hotuba ya Rais Mobutu ya tarehe 30 Novemba 1973, aliyoitoa kutangaza kwamba biashara za wageni zitakuwa mikononi mwa wenyeji. Juu yake tena kuna jina la mwingine, aliyelinunua duka likiwa limeshakuwa tupu. Hakuna aliyekusudia kuandika historia hapo, lakini imeandikwa, tena kwa mfuatano wake.

Siku hizi kuta hizo zinakwisha haraka. Mwenye duka anapewa rangi ya bure na kampuni, au anatundika bango la plastiki lililochapwa kwa mashine, na kabla ya hapo fundi anakwangua kila kitu mpaka kwenye tofali. Simlaumu mwenye duka, kwani anatafuta wateja. Ninaulaumu mji wetu, ambao haujawahi kumwambia kwamba anachokikwangua ni mali.

Sehemu nyingine duniani watu wamekwisha kuliona jambo hili. Kule Marekani, tangu baa ya Don the Beachcomber ilipofunguliwa Hollywood miaka ya 1930, mikahawa na hoteli nyingi zilipambwa kwa sanamu za mbao zilizoiga miungu ya visiwa vya Pasifiki, zile wanazoziita tiki. Mtindo ulipopitwa na wakati, sanamu zilitupwa na vibao vikang'olewa. Ndipo wakatokea watu wa kuzunguka mitaani kutafuta zilizobaki, na mwaka 2000 Sven Kirsten akachapisha The Book of Tiki, kitabu kizima cha walichokikuta. Ikiwa sanamu za kuigiza, zilizochongwa ili wanywaji wajione wako Tahiti, zimepata watu wa kuzitunza, sisi tunangoja nini? Vibao na michoro yetu vilitengenezwa hapahapa, na watu wa hapa, kwa ajili ya watu wa hapa.

Mfikirie Mamba Muntu. Katanga nzima inamjua: mwanamke mwenye mkia wa samaki, nywele ndefu, mwenye kutoa utajiri na kudai malipo. Miaka ya 1970 hapakuwa na mtaa wa wafanyakazi wa migodi usio na picha yake sebuleni, imechorwa kwa rangi ya bei nafuu juu ya gunia la unga. Wavuvi wa Ziwa Tshangalele hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Wachoraji waliomchora waliweza pia kuchora picha za Colonie belge, ambamo mfungwa analala chini na askari anainua kiboko mbele ya Mzungu. Tshibumba Kanda Matulu alitoka katika kundi hilo. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya Zaire katika picha zaidi ya 100, na akamsimulia kwa Kiswahili chetu cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Leo wasomi wa mbali wanamjua. Lakini wenzake waliochora simba, mkasi wa kinyozi na chupa ya bia kwenye kuta za baa, wakatia sahihi pembeni, wanafutwa kila mwaka bila hata kupigwa picha.

Wapo watakaoniambia: majina ya kikoloni na yaende. Hoja hii naiheshimu. Mji huu uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot wa Union Minière, mpaka mwaka 1966, na sitaki jina hilo lirudi. Hata ziwa letu la Tshangalele lilizaliwa na bwawa la umeme la Mwadingusha, ambalo kituo chake cha mwaka 1930 kilipewa jina la Francqui. Kituo cha Nzilo kiliitwa Delcommune, cha Nseke kikaitwa Le Marinel. Majina yakabadilishwa, na ilikuwa haki. Lakini kubadilisha jina ni jambo moja, na kuharibu ushahidi kwamba liliwahi kubadilishwa ni jambo jingine. Kijana wa Panda asipoona popote herufi za BCK, kisha KDL, kisha SNCZ, kisha SNCC, atajuaje kwamba reli aliyofanyia kazi babu yake ilipita mikononi mwa watawala wangapi? Asipoona UMHK, yaani Union Minière, chini ya jina la Gécamines iliyoirithi, ataelezwa kwa maneno tu kwamba serikali iliitwaa kampuni ile mwaka 1967.

Na wale walioziandika herufi hizo, walioshika brashi na kupanda ngazi juani, wengi walikuwa baba zetu. Jina la mwenye kampuni lilikuwa la Kibelgiji, mkono ulikuwa wa Mkatanga. Tukikwangua, tunaukwangua mkono huo pia.

Sheria tunayo. Sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inahusu ulinzi wa mali za utamaduni nchini. Haitatekelezwa ukutani kwa kinyozi wa Kikula kama komini hazitachukua hatua, na hatua zenyewe hazina gharama kubwa. Anayeomba kibali cha kibao kipya apige kwanza picha ya ukuta ulivyo, aandike jina la barabara na tarehe, aikabidhi ofisini. Bango jipya litundikwe kwa misumari juu ya herufi za zamani, zisikwanguliwe. Mchoraji mzee aliye hai aitwe, aulizwe ni kuta zipi ni zake, na jina lake liandikwe. Wanafunzi wa shule za sekondari wana simu zenye kamera. Wapewe kazi hiyo wakati wa likizo, komini zote nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, kabla ya mvua zijazo kuanza.