Kuponi si Nyongeza

Yako maneno ambayo yakishaingia sokoni huwalewesha watu kuliko tembo la mnazi. "Bure" ni mojawapo. "Ofa" ni jingine. La tatu ni "kuponi", kile kikaratasi kinachokatwa gazetini, au kinachopatikana ndani ya pakiti, kikimwahidi mnunuzi kwamba akikipeleka dukani kabla ya tarehe fulani atapunguziwa shilingi kadhaa. Hapa Kenya kuponi imebadilisha mavazi. Aghalabu huja kama ujumbe wa simu, kadi ya pointi, au kibandiko chekundu kwenye rafu ya supamaketi. Lakini aliyemo ndani ya mavazi hayo ni yule yule. Watu wazima, wenye akili zao na familia zao, huzunguka maduka matatu kumtafuta, na wakimpata humshukuru mwenye duka kana kwamba amewakirimu.

Mimi nasema hawakukirimiwa. Kuponi si sadaka wala si uungwana, na mara nyingi si punguzo hata kidogo. Ni biashara inayostawi kwa sababu hatujui bei halisi ya tunachokinunua. Dawa yake si kutafuta kuponi zaidi, bali ni kudai tuonyeshwe bei kwa kipimo.

Hebu tuanze na jambo tunalolijua sote. Mtu akienda soko la Kongowea kununua maharagwe, muuzaji humpimia mbele ya macho yake. Kipimo kikishajaa, mnunuzi husema, "Mama, niongeze kidogo," naye muuzaji huchota kwa mkono na kumimina juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Ina adabu zake tatu: kipimo kimeonekana, bei imejulikana, na zawadi imekuja baada ya vyote viwili. Hakuna aliyeulizwa nambari ya simu, wala aliyeambiwa kwamba nyongeza itakwisha Jumapili. Wahenga waliposema kwamba haba na haba hujaza kibaba, walitaja chombo ambacho kila mtu aliujua ujazo wake, na mtoto wa shamba aliweza kukwambia kwamba vibaba vinne ni pishi moja.

Kuponi huyageuza mambo hayo juu chini. Kwanza hutangazwa zawadi, kwa herufi kubwa nyekundu. Kisha hutajwa bei. Kipimo huachwa kwenye maandishi madogo nyuma ya pakiti, na mzee kama mimi huhitaji miwani miwili kuyasoma.

Desturi hii haikuzaliwa kwetu. Katika miaka ya mwisho ya 1880, Coca-Cola ya Atlanta, Marekani, iligawa tiketi zilizompa mtu glasi moja ya kinywaji hicho bila malipo. Haikuwa huruma kwa wenye kiu. Ilikuwa njia ya kumwonjesha mtu ili glasi ya pili, ya kumi na ya mia azilipie mwenyewe. Tangu siku hizo kuponi imekuwa kazi kubwa katika nchi ile, na nyingi kati yake huchapishwa maneno madogo yanayosema kwamba thamani yake kwa fedha taslimu ni sehemu moja ya mia ya senti. Msomaji na asome tena sentensi hiyo polepole. Karatasi yenyewe imekiri thamani yake! Na katika kila kuponi 100 zinazotolewa kule, zinazorudi dukani hazifiki 5.

Kwa nini basi mfanyabiashara ajisumbue kuchapisha karatasi ambazo nyingi zitatupwa? Wachumi wana jibu, na si jibu la siri. Kuponi huwagawa wanunuzi wa bidhaa ile ile katika makundi mawili. Mwenye haraka, au asiyejali, hulipa bei kamili. Mwenye nafasi ya kutafuta, kukata, kutunza na kukumbuka tarehe hulipa pungufu. Muuzaji hupata faida kwa wote wawili, kwa maana bei kamili ilipangwa huku ikijulikana kwamba kuponi i njiani.

Katika nchi tajiri, huenda mgawanyo huo ukamlemea yule tajiri asiye na wakati. Hapa kwetu humlemea nani? Tumtazame kibarua wa mjengo anayetoka kazini saa moja usiku, akanunua unga na mafuta kwenye kioski cha karibu. Tumtazame bibi mwenye simu ya vibonye isiyofungua programu ya duka. Tumtazame asiyejua kusoma ujumbe unaoletwa kwa Kiingereza. Hao ndio wanaolipa bei kamili, na bei yao ndiyo inayolipia kuponi ya mwenye gari aliyeegesha kivulini.

Mwaka jana, katika duka moja nisilolitaja, nilitozwa kiasi kilichozidi bei niliyoisoma kwenye rafu. Nilipouliza, kijana wa kaunta alinijibu kwa adabu, "Mzee, ile ni bei ya wenye kadi." Nikamwuliza kama unga wa mwenye kadi na wangu ni mmoja. "Ni ule ule, Mzee." Na kilo? "Ni zile zile." Sikumlaumu kijana, kwa maana si yeye aliyeipanga bei. Walakini jambo lenyewe lilikuwa wazi: kilichotofautisha bei hakikuwemo ndani ya pakiti. Duka lilitaka jina langu na nambari yangu ya simu, na kwa kuwa sikuvitoa, likanitoza.

Hapo ndipo tunapoona kwamba kadi ya pointi si bure. Mwenye kadi hulipa kwa habari zake: anakula nini, ana mtoto mchanga au hana, mshahara wake huingia tarehe ngapi. Kenya imetunga Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ni jambo jema. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu aliyeuza habari za nyumba yake kwa punguzo la shilingi kumi bila kuuliza zitakwenda wapi.

Na pointi zenyewe ni nini? Ni deni. Duka linakwambia, "Fedha yako ndogo hii nitakaa nayo, nitakurudishia siku nyingine kwa njia ya bidhaa." Wakenya wengi wanaikumbuka Nakumatt, ambayo kadi yake ilijaa katika mikoba ya watu wa mijini. Rafu zikaanza kubaki tupu mwaka 2017. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Ajiulize msomaji mwenye kadi alisimama wapi katika msururu wa wadai, kama alihesabiwa kabisa. Mtu aliyeokota pointi miaka kumi alibaki na kipande cha plastiki, na yule aliyedai apunguziwe bei siku ile ile ya kununua alikuwa amekwisha kula ugali wake.

Sasa twende ubaoni. Nimefundisha hesabu za asilimia kwa miaka mingi, na najua kwamba watu wengi walizifaulu katika mtihani wakaziacha pale pale kwenye karatasi. Tuseme sabuni ya unga ya gramu 500 inauzwa shilingi 180, na wewe una kuponi ya shilingi 20. Utalipa 160, yaani shilingi 32 kwa kila gramu 100. Rafu ya chini kuna pakiti ya kilo moja kwa shilingi 300, isiyo na kuponi wala kibandiko. Hiyo ni shilingi 30 kwa gramu 100. Aliyetafuta kuponi, akaitunza wiki nzima, amenunua ghali kuliko asiyekuwa nayo. Na yule asiyeweza kutoa 160 wala 300 kwa mara moja, akanunua kijipakiti cha gramu 20 kwa shilingi 10, amelipa shilingi 50 kwa gramu 100. Huyo hakuna aliyemletea kuponi.

Tena kuna lile tangazo la "nunua mbili, ya tatu bure". Ukilipia mbili ukachukua tatu, punguzo lako ni theluthi moja, mradi zote tatu umezitumia. Kama ni maziwa ya mtindi, na la tatu likaharibika nyumbani kwa kukosa friji, basi umenunua mawili kwa bei ya mawili, na juu yake umebeba uchafu. Zaidi ya hayo, hukuwa umekwenda kutafuta mtindi.

Wengine watasema: angalau mwenye duka ndiye anayegharimika. Si lazima. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliipiga kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1, baada ya kuamua kwamba ilitumia vibaya nguvu zake za ununuzi dhidi ya waliokuwa wakiiuzia bidhaa, yakiwemo malalamiko kuhusu makato waliyotozwa. Sisemi kwamba kila punguzo hutoka mfukoni mwa mwenye kiwanda kidogo au mfuga nyuki. Nasema kwamba mnunuzi anapoona bei imeshuka, ana haki ya kuuliza imeshukia juu ya bega la nani.

Najua jibu ninaloandaliwa. "Mwalimu, wewe una pensheni yako. Mama mwenye watoto watano akipata nafuu ya shilingi 20, unataka aikatae?" La hasha. Shilingi 20 ni shilingi 20, na ningekuwa mpumbavu kumwambia mama azitupe. Ikiwa kitu alikuwa akikihitaji, na bei baada ya kuponi ni ya chini kwa kipimo kuliko vingine vilivyo kando yake, na hakupanda matatu ya shilingi 50 kwenda kuitafuta, na achukue kwa mikono miwili. Ugomvi wangu si na mama huyo. Ugomvi wangu ni na mpango unaomlazimisha kuwa mwindaji ili apate bei ambayo ingeandikwa tu ukutani.

Na kuiandika si ndoto. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 1998 agizo linalotaka bidhaa za dukani zionyeshwe bei kwa kilo au kwa lita, kando ya bei ya pakiti. Mnunuzi wa kule halazimiki kugawanya kichwani huku mtoto akimvuta kanga. Nambari iko pale kwenye rafu. Tena kanuni mpya zilizoanza kutumika Mei 2022 zinamtaka muuzaji anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyoitoza katika siku 30 zilizotangulia. Ile hila ya kupandisha Jumatatu ili "upunguze" Ijumaa imewekewa kizingiti.

Sisi nasi hatukosi msingi wa kujengea. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumwambia mnunuzi kwamba kuna nafuu ya bei ilhali haipo. Maneno hayo ni mazuri. Lakini katika rafu nyingi ninazopita sioni bei ya kilo kando ya bei ya pakiti, na sioni bei ya mwezi uliopita kando ya bei ya "ofa". Haki isiyoonekana kwenye rafu humfaa wakili, haimfai mnunuzi.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. La kwanza, kila duka kubwa liandike bei kwa kilo au kwa lita, kwa tarakimu zinazosomeka na mzee bila kuinama. La pili, anayetangaza punguzo aonyeshe alichokuwa akitoza siku 30 zilizopita. La tatu, bei ya rafuni iwe bei ya kila mtu, mwenye kadi na asiye na kadi, kama ilivyokuwa kwa kibaba.

Na walimu wenzangu walio bado madarasani wasingoje wabunge. Mwalimu na alete pakiti tatu tupu za unga, kubwa, ya kati na ndogo, aandike bei zake ubaoni, na mtoto wa darasa la tano aambiwe agawanye. Jioni mtoto huyo atakwenda dukani na mama yake, na hapo ndipo mtihani wa kweli utakapofanyika.

Siku bei zetu zitakapokaa wazi namna hiyo, anayetaka kutoa kuponi na aitoe. Tutaipokea kwa shukrani kama tunavyoipokea nyongeza, juu ya kipimo kilichokwisha kujaa.