Kichujio Ghali na Kaseti za Garissa

Wapo wadaio kwamba kaseti kuukuu za mashairi ya Kisomali zilizosalia Garissa hazisafishiki ila kwa programu ghali ya kuchuja sauti. Sikubaliani nao. Ushairi huo hufungwa kwa takriri: sauti ile ile ya mwanzo, tuseme 's', hurudi mstari baada ya mstari. Nao mlio wa 'shii' wa utepe umeenea hata katika masafa ya 's' hiyo. Kichujio kikali, kiwe cha bei yoyote, huvifuta vyote viwili, na shairi likabaki halina uti. Audacity, inayotolewa bure tangu 2000, hupunguza mlio huo vya kutosha. Fedha na zinunue kwanza tepurekoda nzuri, kwani kichwa kilichochakaa hakiponywi na programu. Nakala ambayo haijachujwa isifutwe.