Suruali na Buti za Mpanda Farasi: Nani Aliyemvika Mwenzake?

Juzi, baada ya sala ya Alasiri, palizuka mjadala barazani petu. Alipita kijana amevaa suruali iliyombana tangu kiunoni hata kwenye vifundo vya miguu, na chini yake buti fupi za ngozi. Akaamkia, "Shikamoo, babu." Mzee mmoja wetu, ambaye sote twamheshimu kwa umri na elimu yake, akaitika, "Marahaba, mwanangu. Lakini hayo uliyoyavaa ni mavazi ya Wazungu. Jadi yako haikuyajua." Kijana akainamisha kichwa, akasema, "Nimesikia, babu," akenda zake. Lakini uso wake ulionyesha kuwa hakukinai.

Na mimi, kwa heshima zote za mzee wangu, sikukinai. Jambo alilolichukia nami nalichukia. Ila hoja aliyoitumia si ya kweli, na haki ikitetewa kwa hoja mbovu, hudhaniwa kuwa na yenyewe ni mbovu.

Natuanze na jina. "Suruali" si neno la Kizungu. Limetoka Uajemi, ambako waliita shalwar. Waarabu wakalichukua wakasema sirwal, nasi tukalipokea kwao. Kila mmoja wetu aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu akasoma mlango wa Hija alikutana na neno hilo kabla hajakutana na duka la nguo. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa mavazi ya mwenye kuhirimia, miongoni mwa vitu alivyovikataza alizitaja suruali na khuffu. Na mtu hakatazwi kuvaa katika ihramu kitu ambacho watu hawakijui. Hizo khuffu nazo ni buti za ngozi, zenye kufunika mguu hata kupita vifundo. Tulifundishwa hukumu yake tungali watoto: mkazi hupangusa juu yake katika udhu kwa mchana mmoja na usiku wake, na msafiri kwa siku tatu. Tulihifadhi hukumu hiyo miguu yetu ikiwa mitupu, wala khuffu yenyewe hatujapata kuiona kwa macho.

Haikuwa ajabu, kwani sisi watu wa Pwani hatukuwa watu wa farasi. Mbung'o waliwaua farasi wengi katika nchi hizi. Kipando chetu ni chombo baharini na punda nchi kavu, na punda wa Lamu hupandwa kwa kikoi na miguu mitupu. Lakini waliokuwa na farasi walihitaji vazi jingine, na hapo ndipo ilipozaliwa suruali. Suruali kongwe kabisa zilizopata kuonekana zilifukuliwa makaburini huko Turfan, magharibi ya Uchina, na wataalamu waliozipima walieleza mwaka 2014 kuwa umri wake ni kiasi cha miaka 3,000. Ni za sufu, zimefumwa kwa umbo la mguu bila ya kukatwa kwa mkasi, na baina ya mapaja pametiwa kipande kipana ili mpandaji aweze kutanua miguu. Fundi wa zamani hizo alijua kwa nini anafuma.

Hata kisigino kirefu cha kiatu kina nasaba hiyo hiyo. Wapanda farasi wa Uajemi walitia kisigino ili mguu ushike kwenye kikuku usiteleze, nao waweze kusimama juu ya tandiko wakapiga mishale. Mwaka 1599 Shah Abbas alipeleka ujumbe wake Ulaya, na zama hizo hizo mambo ya Kiajemi yakawa ndiyo mtindo huko, wakuu wao wakakipenda kisigino. Hata Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa akajulikana kwa visigino vyake vyekundu. Jumba la kifalme halina vikuku, lakini kisigino kilibaki, na hivi leo bibi harusi hukivaa asijue kuwa amevaa kiatu cha askari wa farasi.

Ama hiyo suruali ya kupandia farasi ijulikanayo duniani kwa jina la jodhpur, asili yake ni mji wa Jodhpur katika nchi ya Marwar, Bara Hindi. Ilikuwa pana mno mapajani, kisha hubana tangu chini ya goti hata kifundoni. Upana ule haukuwa mbwembwe. Kitambaa cha pamba hakivutiki, basi lazima pawe na nafasi ya kukunja goti na kutanua paja. Na kule kubana chini kulikuwa kwa kulinda tafu lisichubuliwe na ukanda wa kikuku. Mwaka 1897, Malkia Victoria alipoadhimisha miaka 60 ya kutawala, Sir Pratap Singh wa Jodhpur alikwenda Uingereza na wachezaji wake wa polo. Waingereza walikuwa wakivaa suruali fupi zenye kuishia chini ya goti, na buti ndefu za kufunika muundi. Walipoliona vazi la wageni wao, mafundi wa London wakaliiga na jina la mji wakaliacha kama lilivyo. Kwa suruali hiyo, mpandaji hakuwa tena na haja ya buti ndefu. Ilimtosha buti fupi ya kufungwa kwa bizimu.

Buti ndefu nazo zilikuwa na safari yake. Duke of Wellington alimwagiza fundi wake amrahisishie buti za askari wa farasi, zikaitwa kwa jina lake. Katika miaka ya 1850 zikaanza kutengenezwa kwa mpira huko Ufaransa, na leo ndizo gambuti anazovaa mkamuaji ng'ombe na muuza samaki. Mwaka 1851 J. Sparkes-Hall, fundi viatu wa Malkia Victoria, akapata hataza ya buti fupi zenye mpira ubavuni, zisizo kamba wala bizimu. Mfano wake ndio aliouvaa kijana wetu wa barazani.

Basi ule upana wa mapajani ulikwenda wapi? Mwaka 1958 kule Marekani ulivumbuliwa uzi wenye kuvutika kama mpira. Ulipochanganywa katika vitambaa, nafasi ya mapajani haikuhitajiwa tena, kwani nguo yenyewe hunyumbuka pamoja na mguu. Ndipo suruali ya mpanda farasi ilipogandamana na mwili, nao wanaoshindana katika uwanja wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954, huivaa hivyo kwa kazi yao.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Vazi hili limepita mikono ya mtu wa Turfan, Mwajemi, Mwarabu, Mhindi na Mzungu, na kila mmoja alilibadili kwa sababu aliyoijua. Kijana wetu yeye hana farasi, wala kikuku, wala tafu la kuchubuliwa. Amechukua kubana akaacha sababu. Mwambieni hilo. Mwambieni kuwa sitara si rangi ya ngozi kutoonekana tu, bali ni adabu ya kutochoreka kwa maungo, hasa kwa mtu anayesimama safuni, akarukuu na kusujudu mbele ya wenzake. Hiyo ni hoja, naye ana akili ya kuikubali. Lakini mkimwambia kuwa suruali na buti ni za Wazungu, ataingia maktaba siku moja, aione kweli, na tangu siku hiyo hatawasikiliza hata mnaposema haki.

Nanyi mafundi cherehani wa Mombasa, Malindi na Lamu, msingoje mitumba iwafundishe kazi. Mkato mpana mapajani na wa kiasi miguuni ulikuwa wa watu wa Mashariki kabla haujavuka bahari. Mkateni tena, kwa kitambaa chepesi cha joto letu, kijana apate kupendeza na kusitirika kwa pamoja.

Wabillahi tawfiq.