Bendera Ile Ni Yako, Isome

Kijana, kuna neno nalisikia sana vijiweni, Mombasa mpaka Eastleigh: "Ile bendera ni yao, si yetu." Uchungu wako naujua. Lakini hapo umekosea, na kosa lako linawafaa wanaokudhulumu.

Sheria imewaruhusu viongozi wachache kupeperusha bendera kwenye gari. Haikuwapa maana yake. Maana ni ya kila Mkenya. Hebu itazame upya.

Nyeusi ni watu wa Kenya. Wote. Haikusemwa "isipokuwa kina Abdi na kina Mwanaisha". Sasa mbona mwenzako alipata kipande bila maswali, wewe ukaambiwa lete cheti cha babu? Katiba, kifungu cha 12, inasema kitambulisho na pasipoti ni haki ya raia. Si sadaka ya chifu.

Nyekundu ni damu iliyomwagika kupigania uhuru. Sawa, tunaiheshimu. Lakini Februari 1984, uwanja wa ndege wa Wagalla kule Wajir, raia waliuawa na askari wa serikali yenye bendera hii hii. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013. Damu ile nayo, iko kwenye rangi gani?

Kijani ni ardhi. Muulize mzee wa Kilifi aliyezaliwa shambani, akazeeka shambani, na bado anaitwa skwota.

Nyeupe ni amani. Amani gani kwa mama ambaye mwanawe alichukuliwa usiku na hajulikani aliko? Kifungu cha 49 kinataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24.

Na ile ngao na mikuki? Ni ya kulinda hayo yote. Haikuchorwa kukuelekea wewe.

Tena sisi wa Pwani tuna la ziada. Hadi 1963, juu ya Fort Jesus ilipepea bendera nyekundu ya Sultani. Haikuteremshwa bure. Oktoba mwaka huo Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua za ahadi: mahakama za Kadhi zibaki, hati za ardhi ziheshimiwe, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu. Bendera ya leo ilipanda juu ya ahadi hizo. Ahadi ni deni.

Kwa hivyo usiichome, wala usiipe mgongo. Mwenye kudai hachani hati ya deni, huishika akaenda nayo mlangoni.

Siku ukinyimwa kipande, usiondoke ukinung'unika. Omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinakupa haki hiyo. Andika tarehe, andika jina la afisa, kisha tafuta msaada wa sheria. Na ukiona mwenzako anasukumwa kwenye foleni ileile, simama naye.

Wao wanaipigia saluti. Wewe idai.