Feyre alikosea kumpiga kibuti Tamlin?

Wiki hii tuingie kwenye ubishi ambao tangu mwaka 2016 haujapata mshindi. Kimwana Feyre alifanya sawa kumwacha mchumba wake kwenye mataa?

Kama hao watu huwajui, usijione mshamba. Wamo kwenye vitabu vya mwandishi wa Kimarekani, Sarah J. Maas. Cha kwanza, A Court of Thorns and Roses, kilitoka mwaka 2015. Feyre, msichana mwindaji kutoka familia iliyofulia, anachukuliwa na Tamlin, mtawala mwenye nguvu za uchawi. Wakapendana kufa mtu. Katika kumwokoa jamaa, binti akateswa mpaka akafa, akafufuliwa kwa uchawi. Wasomaji wakafunga kitabu, wakawa wanasubiri pilau la harusi tu.

Mwaka uliofuata kikaja cha pili, A Court of Mist and Fury. Weee! Harusi ikavunjika bibi harusi akiwa njiani kumfuata bwana harusi. Kila usiku Feyre anaota majinamizi, anatapika, anakonda, na mchumba wala hamuulizi una nini. Akiomba kutoka, anaambiwa nje kuna maadui, atulie. Siku alipong'ang'ania, Tamlin akaizingira nyumba kwa uchawi asitoke. Binti akachanganyikiwa humo ndani. Alipokuja kutolewa, uchumba ukafia hapo. Moyo ukaangukia kwa Rhysand, yule yule tuliyemwona adui mwanzoni.

Hapo ndipo wasomaji walipogawanyika. Kambi ya kwanza ilikasirika kwelikweli: mwandishi kamchafua Tamlin makusudi ili Rhysand apate nafasi. Jamaa naye si katoka kwenye mateso? Si alimwona mpenzi wake akifa mbele ya macho yake? Na huyo Rhysand ndiye aliyemlewesha Feyre kwa mvinyo na kumchezesha mbele za watu. Leo kawa malaika?

Kambi ya pili ikajibu kwamba dalili zilikuwepo tangu kitabu cha kwanza. Kule kifungoni Tamlin alipata dakika chache faragha na Feyre, akazimalizia kwenye mabusu badala ya kutafuta njia ya kumtorosha. Wapo na wasomaji wa kike waliosema waliyajua maisha hayo, maana walishawahi kuishi na mwanaume wa aina hiyo.

Mimi niko kambi ya pili, ila nawaelewa wa kwanza. Hofu ya Tamlin ilikuwa ya kweli na mapenzi yake hayakuwa ya kuigiza. Ndiyo maana inauma. Mtu anaweza kukupenda kwa dhati na bado akakumaliza taratibu. Hata mtaani kwako wapo: asiende kazini, asitembelee shoga zake, na tukisikia tunacheka, eti huo ndio wivu wa mapenzi.

Lakini washangiliaji wa Rhysand nao wasitambe sana. Mwaka 2021 kilitoka A Court of Silver Flames. Feyre ni mjamzito, Rhysand anajua mimba hiyo inaweza kumuua, naye kanyamaza kimya, hamwambii mwenye tumbo. Walewale waliompamba miaka mitano wakaja juu. Na haki yao! Aliyefunga mlango na aliyeficha habari wote walisema wanamlinda.

Kwa hiyo dada yangu, ukitaka kumpima mtu wako, usiulize anakupenda kiasi gani. Jiulize, siku ukitaka kutoka, ufunguo anao nani? Na jambo linalohusu uhai wako, wewe utakuwa wa ngapi kuambiwa?

Kwa leo naishia hapo. Mashabiki wa Tamlin, msinirushie mawe. Tukutane wiki ijayo, kaeni chonjo!