Mapengo ya Bonde la Ufa si kinga

Picha ya barabara iliyokatika karibu na Mai Mahiu, Kenya, Machi 2018, bado inazungushwa kwenye WhatsApp kwamba Afrika inachanika mchana kweupe. Hilo tulimalize haraka. Wanajiolojia wengi walioichunguza waliona kazi ya maji: mvua kubwa ilisomba majivu laini ya volkano yaliyo chini, ardhi ya juu ikabomoka. Bara linapanuka kweli, ila kwa wastani wa milimita chache tu kwa mwaka.

Dai linaloudhi zaidi, maana hata waliosoma wanalo, ni kwamba Bonde la Ufa ni ufa mmoja mrefu kutoka Afar hadi Msumbiji. Sivyo. Ni mipasuko mingi mifupi inayopishana ncha zake. Kaskazini mwa Ziwa Nyasa mpasuko mkubwa uko Tanzania, chini ya milima ya Livingstone inayochomoza ghafla kutoka majini. Ukishuka kusini, mkubwa umehamia Malawi, ufuo wa magharibi, pande za Usisya. Ziwa Tanganyika nalo hubadilisha upande vivyo hivyo.

Basi husemwa: kama imekatikakatika, matetemeko yake yatakuwa madogo. Hapa ndipo penye hatari. Mipasuko miwili inapokua kuelekeana, mwamba ulio kati ya ncha zake hubeba mzigo wa pande zote mbili. Huinama, ukawa mteremko wa kushukia bondeni, na mara nyingi mito hupita hapo hapo. Kisha nyufa ndogo huukata mteremko huo, na mipasuko miwili inakuwa mmoja. Kazi hiyo inaweza kuwa imekwisha kilomita kadhaa chini huku juu bado unaona pengo.

Mpasuko wa Bilila-Mtakataka, kusini mwa Malawi, unaonyesha hayo vizuri. Una urefu wa kilomita 110 hivi, na ukingo wake unaonekana kwa macho: kuna mahali umesimama wima mita kadhaa, kuna mahali unajipinda, kuna mahali unafifia kabisa. Je, huvunjika wote kwa mpigo au kipande kwa kipande? Watafiti wanabishana, na ubishi huo si wa kitabuni. Kipande cha kilomita 20 kikivunjika peke yake, tarajia tetemeko la ukubwa wa takriban 6.6. Kilomita zote 110 zikienda pamoja, utafika 7.5, na nishati yake ni zaidi ya mara 20. Anayedhani Afrika Mashariki haina matetemeko ya kiasi hicho akumbuke Rukwa, Desemba 1910: takriban 7.4.

Wengine hujifariji kwamba mpasuko ukishavunjika, majirani wake wamepumua. Nusu ya hilo ni kweli. Walio ubavuni mwake hupunguziwa mzigo. Walio mbele ya ncha zake huongezewa, hata wakasukumwa karibu na siku yao.

Na usidhani wa kuogopwa ni ule mkubwa tu. Mwishoni mwa 2009 Karonga, Malawi, ilitikiswa kwa wiki kadhaa, na tetemeko kubwa kuliko yote lilifikia 6.0. Watu walikufa, nyumba nyingi za matofali zikaanguka. Livingstone, ule mpasuko mkubwa ng'ambo ya ziwa, sio uliovunjika. Ulivunjika mdogo, chini ya miguu ya watu wa Karonga wenyewe.