JINO LA WIDIA LIKIVUNJIKA, NANI ALIPE?



Siku hizi ni taabu kupata karakana ya maana katika mji wetu wa Gisenyi, au katika wilaya nzima ya Rubavu, isiyokuwa na diski ya widia. Zamani fundi alikuwa na msumeno wa chuma mtupu. Kila asubuhi alishika tupa akanoa jino kwa jino kabla ya kugusa ubao. Leo anafunga diski yenye meno ya widia, anapasua mikaratusi, grevilea na libuyu kutoka asubuhi hadi jioni, na kesho yake anaendelea na diski ile ile. Kazi inakwenda mbio. Haya ni maendeleo, na chama cha wafanyakazi hakipingi maendeleo.

Tunalouliza ni hili: faida ya mwendo huo inakwenda kwa nani, na hatari yake inabaki kwa nani? Katika karakana nyingi ninazozitembelea kwa kazi ya chama, jino la diski likivunjika, anayekatwa mshahara ni yule aliyekuwa mashineni. Nasema wazi kwamba desturi hii ndiyo mama wa ajali zetu nyingi. Nitaeleza kwa nini.

WIDIA NI KITU GANI

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Jina widia limetoka Ujerumani. Mwaka 1923 Karl Schröter, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya taa ya Osram, aliandikisha uvumbuzi wa kuchanganya unga wa kabidi ya wolframu na unga wa kobalti, kuugandamiza na kuuchoma kwa moto mkali mpaka ukashikana. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 kampuni ya Krupp ya mji wa Essen ikaanza kuuza kitu hicho kwa jina la Widia, kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Jina la bidhaa moja likawa jina la kitu chote, na mafundi wetu wanalitumia hata leo.

Wala tusidhani kwamba ni mali ya ugenini kabisa. Wolframu inachimbwa hapa Rwanda, kule Nyakabingo wilayani Rulindo na Gifurwe wilayani Burera. Kobalti ya dunia, zaidi ya nusu yake inatoka kwa jirani zetu wa Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi. Jiwe linaondoka kwetu kwa jasho la mchimbaji, linakwenda ng'ambo, kisha linaturudia limekuwa meno ya msumeno, ndani ya sanduku lenye maandishi ambayo fundi wetu hawezi kuyasoma. Mchimbaji ni ndugu yetu, na mpasuaji ni ndugu yetu. Wote wawili ndio wanaoumia.

Sasa tabia yake. Widia ni ngumu mno, lakini haipendi kugongwa. Chuma kikigongwa hupinda, bali widia huvunjika kama kigae. Jino limeunganishwa kwa kuyeyusha madini laini kati yake na bamba la chuma. Likikutana na msumari uliosahauliwa ndani ya ubao, au jiwe lililoingia kwenye gome, au hata likiangushwa kwenye sakafu ya saruji, linaweza kupata ufa ambao jicho halioni. Na ufa huo hauna subira. Diski ya sentimita 30 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake yanakwenda mwendo wa kilomita 226 kwa saa. Kipande kikichomoka kwa mwendo huo, hakuna kijana mwepesi wa kukikwepa.

JINSI MSHAHARA UNAVYOLETA AJALI

Tufuate jambo hili hatua kwa hatua. Fundi analipwa kwa kipande. Anapasua ubao wa zamani, anakuta msumari, jino moja linaruka. Anajua bei ya diski ni malipo yake ya siku nyingi. Akisema, atakatwa. Asiposema, labda haitajulikana. Basi ananyamaza, anaendelea. Jino linalofuata sasa linabeba mzigo wa meno mawili. Nalo linachoka, linavunjika. Diski inaanza kutetemeka, inauma ubao vibaya, inaushika na kuurusha nyuma. Na aliyesimama mashineni saa hiyo huenda si yule aliyevunja jino la kwanza, bali mwenzake wa jioni ambaye hana habari.

Katika karakana moja ya hapa kwetu, ambayo sitaitaja, nilihesabu mwenyewe diski iliyokuwa imefungwa mashineni. Meno matatu hayakuwapo. Nikamwuliza kijana anayeiendesha kama msimamizi anajua. Akanijibu kwa sauti ya chini: "Mzee, nikisema nitailipa mimi." Kijana huyu hakuwa mjinga. Alijua hatari vizuri kuliko mimi. Alikuwa amepima njaa ya wiki hii na kidole cha wiki ijayo, na njaa ikawa karibu zaidi.

Kifuniko cha diski nacho ni vivyo hivyo. Kinaondolewa kwa sababu kinachelewesha mkono, na mkono ukichelewa, kipande kinapungua na malipo yanapungua. Tusiseme basi kwamba fundi hapendi vidole vyake. Tuseme kwamba malipo yamepangwa namna ya kumfanya avisahau.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wapo wanaosema ajali ni bahati mbaya. Sikubali. Radi ni bahati mbaya. Diski yenye meno pungufu inayofungwa mashineni kila asubuhi ni jambo linalojulikana, na linaweza kuzuiwa kabla ya saa mbili.

Wapo wanaosema mwenye karakana naye ni mtu mdogo. Hili lina ukweli, na lazima tuliangalie kwa haki. Katika agakiriro wengi si matajiri. Mtu amekodi mashine, au ni mwanachama wa ushirika, na anadaiwa kila mwisho wa mwezi. Lakini mtu huyo anaponunua gundi na msasa, hamkati fundi mshahara gundi ikiisha. Anaiweka katika bei ya mlango. Diski ni kitu cha kwisha kama gundi. Gharama yake iingie katika bei ya mlango, dirisha na kitanda, ilipwe kidogo kidogo na kila mnunuzi, isibebwe na mtu mmoja siku moja. Na wale walio katika ushirika wanunue diski pamoja, ili wapate bei nafuu na pawe daima na diski ya akiba. Pasipokuwa na diski ya akiba, diski mbovu haitaondolewa kamwe.

Wapo pia wanaosema sheria ni ya viwanda vikubwa tu. Si kweli. Sheria Na. 66/2018 ya tarehe 30/08/2018 inayosimamia kazi nchini Rwanda inamtaka mwajiri kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake, na katika jambo hili la usalama inawagusa pia wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi na wanagenzi. Kazi za hatari haziruhusiwi kwa kijana aliye chini ya miaka 18. Mchango wa ajali za kazini unaopelekwa RSSB, yaani asilimia 2 ya mshahara, unalipwa na mwajiri peke yake. Kwa hiyo, ndugu, uliza kama jina lako limeandikishwa, maana asiyeandikishwa akikatika mkono hurudi nyumbani na mkono mmoja na mifuko mitupu. Tangu mwaka 1963, Mkataba Na. 119 wa Shirika la Kazi Duniani ulikwisha kusema kwamba mfanyakazi asilazimishwe kutumia mashine ambayo kinga yake haipo. Na mwezi wa Juni 2022 shirika hilo limeweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za kila mfanyakazi.

MAMBO YA KUSHIKA KAZINI

Kudai haki hakutuondolei wajibu wa kujua kazi. Haya yafuatayo yabandikwe ukutani.

1. Soma mwendo wa diski. Kila diski nzuri imeandikwa idadi ya mizunguko isiyopaswa kupitwa kwa dakika. Mashine zetu nyingi zimetengenezwa hapa hapa kwa mota, mkanda na puli, kwa hiyo fanya hesabu. Mota ikizunguka mara 2,900, puli yake ikiwa ya sentimita 20 na puli ya diski ya sentimita 10, diski inazunguka mara 5,800. Kama diski imeandikwa 5,000, usiifunge. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayovuta meno yatoke inaongezeka mara nne.

2. Usifunge diski ya meno ya mbao kwenye grinda. Grinda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Haina kisu cha nyuma, na diski ikishika ubao inaruka na kurudi mwilini mwako, pajani au shingoni.

3. Kila asubuhi, umeme ukiwa umezimwa na waya umechomolewa, zungusha diski kwa mkono na utazame kila jino. Jino likikosekana, likiwa na ufa au limelegea, diski itoke. Kuchomelea jino jingine kienyeji si matengenezo.

4. Kifuniko kiwe juu, na kile kisu cha chuma kinachosimama nyuma ya diski kiwepo. Kazi yake ni kuuzuia ubao usijifunge ukabana diski. Mwisho wa ubao sukuma kwa kipande cha mti, si kwa kidole. Usisimame sawasawa nyuma ya diski. Usivae glovu wala mikono mirefu inayoning'inia, maana diski hushika kitambaa na kitambaa huvuta mkono.

5. Kwenye tupi, mashine ile ya kuchongea fremu na mapambo, tumia vichwa vilivyoandikwa MAN. Alama hiyo ina maana kwamba vimetengenezwa kwa ajili ya ubao unaosukumwa kwa mkono, navyo huuma kidogo kidogo. Visu vilivyochomelewa nyumbani kwa vipande vya widia vimekataliwa kabisa.

6. Diski isiwekwe juu ya chuma au saruji. Iweke juu ya ubao au katoni, na diski mbili zisigusane meno. Utomvu wa msindano ukiganda juu yake, isafishe, kwa sababu diski chafu hupata moto na kubana.

7. Widia hainolewi kwa tupa wala kwa jiwe la kawaida la kijivu, bali kwa jiwe la almasi. Vumbi lake lina kobalti, na huharibu mapafu polepole, bila maumivu ya kukushtua. Mwaka 2006 wataalamu wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba vumbi la kobalti pamoja na kabidi ya wolframu yaelekea huleta saratani. Vumbi la mbao lenyewe walikwisha kuliweka mwaka 1995 katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani. Anayenoa avae kinga ya kweli ya kupumulia, si kitambaa, na asinoe ndani ya chumba walimo wenzake. Vumbi la mbao lifyonzwe au lifagiliwe likiwa limelowanishwa.

TUNACHODAI

Kwa hiyo, ndugu, madai yetu yawe manne, tena yasemwe kwa sauti moja katika kila karakana ya Rubavu.

Kwanza, asikatwe mtu mshahara kwa sababu ya jino lililovunjika kazini. Atakayetoa habari ya diski mbovu ashukuriwe.

Pili, kila mashine iwe na diski ya akiba, na yeyote anayeiendesha awe na haki ya kusimamisha kazi akiona kasoro, bila kupoteza malipo ya siku.

Tatu, maelekezo ya mashine na ya diski yabandikwe kwa Kinyarwanda na Kiswahili, kwa sababu katika mji wetu wa mpakani mafundi wa lugha zote mbili wanashika ubao mmoja, huyu mwisho huu na yule mwisho ule.

Nne, kila karakana ichague mfanyakazi mmoja wa kuangalia usalama, naye asifukuzwe kwa kusema ukweli.

Madai haya hayavunji karakana ya mtu. Mwenye mali atapata mashine inayodumu, fundi atapata vidole vinavyodumu, na mnunuzi atapata mlango ulionyooka. Lakini hayatatimia kwa fundi mmoja mmoja kunung'unika pembeni. Akisema mmoja, atalipishwa diski. Wakisema kumi, itabidi diski inunuliwe.

Basi kesho asubuhi, kabla mota haijawashwa, simameni pamoja mbele ya mashine, hesabuni meno, na mkikuta moja halipo, mwendeni kwa msimamizi nyote kwa pamoja.